Neno Moja, Jino Moja

Wahenga walituachia methali nyingi ndefu zenye mafumbo ya kuumiza kichwa, lakini hii moja waliifupisha mpaka ikabaki maneno matatu tu: kuuliza si ujinga. Nadhani walijua kwamba wanaoihitaji hawana subira ya kusikiliza. Maana yake ni nyepesi. Anayeuliza asilolijua hapungukiwi na chochote, bali huongezewa; anayenyamaza ili aonekane mjuzi hubaki na ujinga wake uleule, na siku ukifichuka, hufichuka mbele ya watu. Methali hii hakuna asiyeijua. Wanaoitumia ndio wa kutafutwa kwa tochi, na Kamusi hakuwa mmoja wao.

Kamusi lilikuwa jina la utani. Alipewa shuleni kwa sababu ya Kiingereza chake, kilichokuwa kikimtoka kama maji bombani, naye akalipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alipoolewa alikwenda nalo kwa mumewe. Alipokwenda kutafuta kazi ya ukalimani katika zahanati ya meno, alikwenda nalo pia, kichwa juu.

"Ukikutana na neno usilolijua, utafanyaje?" Matroni, yaani muuguzi mkuu wa zahanati, alimwuliza siku ya usaili.

"Bado sijakutana nalo," Kamusi alijibu.

Matroni alimtazama juu ya miwani yake, kisha akamwajiri kwa majaribio. Hakuwa na wa kuchagua. Daktari bingwa wa meno alikuwa amewasili kutoka ng'ambo kwa muda mfupi, mtu mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa isiyotetemeka, na katika Kiswahili chote alikuwa amejaliwa maneno mawili tu, "pole" na "fungua". Maneno hayo aliyatumia kwa kila jambo. Hata dirisha lilipokwama, aliliambia pole.

Kazi ilikwenda vizuri. Kamusi alisimama kando ya kiti cha wagonjwa, akapokea maneno ya daktari kwa sikio moja na ya mgonjwa kwa jingine, akayapeleka kila upande bila kusita. Wagonjwa walimsifu, naye akavimba kichwa. Lilipotokea neno la kumtatiza, na yalitokea kadhaa, hakuuliza bali alikisia. Bahati ikawa upande wake, na yeye akadhani ni elimu.

Ndipo siku moja kabla ya daktari kuondoka, mgonjwa aliyeingia akawa mama mkwe wake.

Mama mkwe huyo hakuwa mtu wa kupita bila kuonekana. Mji mzima ulimwita Mama Tarumbeta, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mpiga tarumbeta mkuu katika bendi ya mji, mwanamke peke yake katikati ya wanaume wenye mashavu mapana. Alipokuwa akijinoa uani asubuhi, majirani hawakuhitaji saa ya kuwaamsha. Kwa pumzi yake alikuwa amewasomesha watoto wake wote, na mume wa Kamusi ndiye aliyekuwa kitinda mimba.

Sasa jino lake la mbele, la juu, lilikuwa limeoza kwa ndani. Kwa mtu mwingine jino la mbele ni la kuchekea. Kwa mpiga tarumbeta ndiyo nguzo ya nyumba, kwa maana mdomo huegemea pale, na jino likiondoka pumzi huvujia pengoni.

"Likitoka hili, mwanangu, mimi nimekwisha," alimnong'oneza Kamusi kabla hajakaa kitini. "Mwambie daktari wako hivyo. Mwambie vilevile nilivyosema, usinipunguzie."

"Usiwe na wasiwasi, Mama. Hakuna neno litakalopotea hapa."

Daktari alieleza jambo moja kabla ya kuanza, na hilo Kamusi alilitafsiri sawasawa. Ikiwa jino bado lina uhai ndani yake, angeliokoa kwa kuliziba. Ikiwa limekufa, hapana budi ling'olewe, kwani vifaa vya kutibu jino lililokufa havikuwapo katika zahanati ile. Mama alifumba macho, akafungua mdomo, na mkono wake ukautafuta wa Kamusi ukaushika.

Daktari alikwangua uozo, akalisafisha tundu mpaka likawa jeupe. Kisha, bila kusema kitu, alichukua kipamba kilicholoweshwa dawa baridi kama barafu, akakigusisha kwenye jino. Mama aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Meno yakaumana, na kidole cha daktari kilikuwa katikati.

Daktari alikichomoa kidole, akakipunga hewani, kisha akacheka nyuma ya barakoa yake. Alisema maneno machache tu ya Kiingereza: huyu mama ana *nerve* kidogo.

Kamusi alilijua neno hilo, au alidhani analijua. Katika filamu alizotazama, mtu akiambiwa ana *nerve*, basi ama alikuwa amewajibu wakubwa vibaya, ama ameingia nyumba ya watu bila kubisha hodi. Yaani ufidhuli. Na kumng'ata daktari kidole, je, si ufidhuli? Hata hivyo, moyo ulimcheza. Daktari alikuwa anacheka, na mtu aliyeng'atwa akakasirika hacheki vile. Swali lilimfika mpaka ncha ya ulimi: samahani daktari, una maana gani? Lakini Matroni alikuwa amesimama mlangoni na trei ya vyombo, na mama mkwe alikuwa amekodoa macho anangoja. Kamusi aulize maana ya neno? Akalimeza swali lake likashuka.

"Anasemaje?" mama aliuliza, pamba alizowekewa na daktari zikiwa bado mdomoni.

Kamusi alijaribu kulipunguza makali. "Anasema, Mama... anasema una ufidhuli kidogo."

Mama aliitoa pamba moja, kisha nyingine, akaziweka kwenye trei taratibu.

"Mimi? Mimi ni fidhuli?"

"Kidogo, Mama. Alisema kidogo."

"Nimeishi miaka yote hii, leo ndiyo nakuja kuitwa fidhuli, tena na mke wa mwanangu!"

"Si mimi, Mama, ni daktari..."

"Daktari mimi simwelewi. Neno nimelisikia kinywani mwako." Akateremka kitini. Kitambaa alichofungwa kwa ajili ya matibabu kilikuwa bado kinaning'inia shingoni mwake kama cha mtoto anayelishwa, naye akatoka nacho hivyohivyo, hatua za mtu aliyezoea kuongoza bendi.

Daktari alibaki ameduwaa. "Amekwenda wapi?" aliuliza kwa Kiingereza. "Nimempa habari njema!"

Habari njema? Hata hapo angeweza kuuliza. Badala yake aliongeza uongo juu ya kosa. "Ameogopa, daktari."

Daktari alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Basi amepoteza *nerve*," alisema. "Inasikitisha, maana *nerve* anayo, tena nzima kabisa."

Kamusi alisimama pale kama mlingoti. Ameipoteza, na anayo? Kama ni ufidhuli, mama mkwe hakuwa ameupoteza hata chembe. Alikuwa ametoka nao mlangoni. Kamusi alitambua kwamba neno hilo hakulijua, na kwamba hakuwahi kulijua, na kwamba mpaka dakika ile alikuwa ameliogopa kuliko alivyomwogopa mama mkwe wake.

Matroni, aliyekuwa ametoka kumfuata mgonjwa, alirudi akihema. "Mama mkwe wako yuko kwa Koleo," alisema. "Anasema afadhali pengo kuliko matusi, jino ling'olewe leo hii, yaishe. Hataki kusikia habari za daktari wala za mkalimani."

Koleo alikuwa mng'oaji meno wa zahanati, na chumba chake kilikuwa mwisho wa ukumbi. Alikuwa mtu wa mkono mwepesi na maneno machache. Aliyekaa kwenye kiti chake hakupata nafasi ya kubadili mawazo.

Likitoka hili, mimi nimekwisha. Maneno hayo yalimrudia Kamusi na sauti yake yote. Aliona tarumbeta limetundikwa msumarini, limeshika vumbi, na yeye ndiye aliyelitundika pale kwa ulimi wake. Akapiga moyo konde. Mbele ya Matroni, na mbele ya wagonjwa waliokuwa wameshaanza kuchungulia mlangoni ili wajue kelele zilikuwa za nini, alimgeukia daktari akauliza kwa Kiingereza. Kisha, kwa kuwa hakutaka kujificha tena, akarudia kwa Kiswahili kila mtu asikie.

"Daktari, neno hilo sijui maana yake. Naomba unieleze."

"Kumbe!" mtu mmoja alisema mlangoni. "Kamusi imekosa ukurasa!"

Kicheko kikapasuka ukumbini. Masikio ya Kamusi yaliwaka moto, lakini hakurudi nyuma.

Daktari hakucheka. Alimsogeza mpaka kwenye picha kubwa ya jino iliyobandikwa ukutani, akagusa uzi mwekundu uliochorwa katikati yake. Kwanza, alisema, *nerve* ni huu mshipa wa fahamu, ndio unaohisi baridi na maumivu. Jino lililokufa halihisi kitu. La yule mama limehisi, na kidole changu ni shahidi. Pili, neno hilohilo ni ujasiri. Askari wa zimamoto akipanda ngazi nyumba inawaka, tunasema ana *nerve*. Akifika katikati ya ngazi akatetemeka akashuka, tunasema ameipoteza.

"Na la tatu?" Kamusi aliuliza, ingawa alilijua jibu.

"La tatu ni ufidhuli. Mtu anakukanyaga mguu, kisha anakudai wewe umwombe radhi."

"Sasa utajuaje ni lipi kati ya hayo matatu?" Swali hili la pili lilimtoka kwa wepesi kuliko la kwanza.

"Mara nyingine hata mimi sijui," daktari alisema. "Namwuliza aliyelisema."

Kamusi hakungoja zaidi. Alitoka mbio, akairuka miguu ya watu waliokaa kwenye mabenchi, akausukuma mlango wa Koleo bila hodi. Mama mkwe alikuwa kitini, kichwa nyuma, mdomo wazi. Koleo alikuwa ameinama juu yake, na kile kifaa alichopewa jina lake kilikuwa kinang'aa mkononi.

"Ngoja!"

"Ningoje nini?" Koleo aliuliza. "Mwenyewe kasema ng'oa."

"Mama, nisikilize kwanza, kisha ukitaka ang'oe, na ang'oe. Daktari hakukutukana. Aliyekutukana ni mimi."

Mama aliinua kichwa. Mdomo akaufumba, na hilo peke yake lilikuwa nafuu.

"Alisema jino lako ni zima, mshipa wake una uhai. Alikuwa anafurahi, Mama. Neno alilolitumia lina maana tatu, nami nikaokota ile ambayo haikuwamo. Ulipotoka akauliza umekwenda wapi, nikamwambia umeogopa. Nalo lilikuwa uongo."

"Mimi nimeogopa?" Hilo lilimuuma mama kuliko ufidhuli. Alikaa wima kabisa. "Ngoja kwanza. Hilo neno hukulijua?"

"Sikulijua, Mama."

"Na aliyelisema alikuwa amesimama palepale, ubavuni mwako?"

"Alikuwa palepale."

"Kwa nini hukumwuliza?"

Watu wa benchi walikuwa wameshajaa mlangoni. Kamusi aliwaona, akajibu mbele yao. "Niliona aibu. Watu wananiita Kamusi."

Koleo aliteremsha mkono wake. Hakuwa ameingiwa na huruma. Alitaka tu kusikia mwisho wa mazungumzo.

Mama mkwe alimgeukia mke wa mwanawe. "Unajua siku ya kwanza nilipopewa tarumbeta niliuliza nini?"

"Sijui, Mama."

"Niliuliza linapulizwa upande gani."

Wale wa mlangoni wakaangua kicheko, na mama akawanyooshea kidole. "Hivyo hivyo! Hivyo hivyo ndivyo walivyocheka. Wakanibandika jina, wakaniita Upande Gani, mpaka nikataka kuacha bendi. Lakini nilionyeshwa upande. Kulikuwa na mwenzangu tulianza naye siku moja, kijana wa watu, mtanashati, yeye hakuuliza kitu. Akawa anakisia kila wimbo. Alikisia, alikisia, mpaka wakamhamishia kwenye ngoma, na huko nako akakosana na mapigo." Alijifuta machozi ya kicheko kwa kile kitambaa cha shingoni. "Kwa hiyo mimi si fidhuli?"

"Si fidhuli, Mama."

"Hata kidogo?"

Kamusi alikumbuka. "Kidole cha daktari kina alama za meno, Mama."

Mama alicheka mpaka kiti kikalia. Kisha alimpa Kamusi mkono ili amsaidie kuteremka, na akaushika kama alivyoushika mwanzo. "Koleo, baba, leo hulipati," alisema. "Rudisha silaha zako sandukuni."

Walirudi kwa daktari pamoja. Safari hii Kamusi aliuliza kama mtu aliyefunguliwa mlango baada ya kufungiwa nje. Aliuliza jina la dawa, aliuliza ganzi itadumu kwa muda gani, aliuliza maneno mengine mara mbili. Daktari alipomwambia kwamba kazi hiyo itakuwa kipande cha keki, Kamusi alinyoosha mkono akamsimamisha. Kama ingekuwa asubuhi, angemwahidi mama mkwe wake keki. Sasa aliuliza, akaambiwa kuwa ndivyo wanavyosema Waingereza wakimaanisha kazi rahisi.

"Anasema ni kazi rahisi, Mama. Ametaja keki, lakini keki yenyewe haipo."

"Haipo kabisa?" mama aliuliza. "Basi huyo ndiye fidhuli."

Kamusi akaitafsiri na hiyo pia. Daktari alicheka, kisha akaliziba jino kwa makini, tabaka juu ya tabaka, mpaka pasionekane palipokuwa na tundu. Alisema liachwe mpaka kesho kabla ya kuguswa na tarumbeta. Kamusi aliuliza, "Kesho saa ngapi?"

Kesho yake ilikuwa siku ya kumuaga daktari. Wafanyakazi na wagonjwa walikusanyika ukumbini, na madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya vumbi la barabarani. Matroni alimvuta Kamusi pembeni.

"Lile swali la usaili, nakuuliza tena," alisema. "Ukikutana na neno usilolijua, utafanyaje?"

"Nitauliza, Matroni."

"Majaribio yamekwisha. Kazi ni yako. Siku ile ulinijibu vizuri mno, nikakosa usingizi."

Daktari alikuwa amewakaribia. Alimpa Kamusi mkono, akasema kwa Kiingereza kwamba hatasahau jinsi alivyosimama jana mbele ya watu wote wale. "Wewe una *nerve*," alimalizia.

Waliokuwapo jana walilitambua neno lile, wakatega masikio. Kamusi alijua kabisa daktari alikuwa na maana gani, yeyote angejua. Hata hivyo alitabasamu, akauliza kwa lugha zote mbili, kwa sauti ya kufika mpaka chumba cha Koleo:

"Daktari, ni ile ya jino, ya zimamoto, au ya kukanyaga mguu?"

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. "Ya zimamoto," alisema.

"Kasemaje?" aliuliza Mama Tarumbeta, aliyekuwa amekaa mbele na mkoba mrefu mapajani.

"Anasema nina ujasiri, Mama."

"Umemwuliza?"

"Nimemwuliza."

"Basi naamini." Akaufungua mkoba, akatoa tarumbeta, akasimama.

Mama aliulamba mdomo, akakiegemeza chombo palepale, juu ya jino lile, akafumba macho. Mnong'ono mdogo wa hewa ulitoka kwanza, na moyo wa Kamusi ukamshuka mpaka miguuni. Kisha sauti ikaja, nene, kamili, ikajaza ukumbi mpaka vioo vikatetemeka, na haikuvuja popote. Wagonjwa wenye mashavu yaliyovimba walisimama. Koleo alitoka chumbani kwake akicheza, koleo hewani. Daktari, furaha imemzidi, alitafuta Kiswahili chake chote akapaza neno alilokuwa nalo: "Fungua! Fungua!" Matroni akayafungua madirisha, wimbo ukamwagika barabarani, na wapita njia wakaanza kuingia kuona ni harusi ya nani.

Kamusi alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, na hakumwonea aibu mtu. Mwanamke mmoja aliyeingia kutoka nje alimshika bega, akamwuliza ni nini kinachosherehekewa pale.

"Jino la mama yangu," Kamusi alimjibu. "Na umefanya vizuri kuniuliza, dada, kwa sababu kuuliza si ujinga."